Jibu: Filamu ya kuanzia ya Amitabh

Ndugu yangu, umeuliza uanze na filamu gani ya Amitabh Bachchan, yule mwigizaji wa Kihindi, na kwa nini wazee wetu hapa Lamu wakimtaja hawamalizi. Anza na Deewaar ya 1975. Sholay ya mwaka huohuo ndiyo inayovuma zaidi, nayo ni nzuri kwelikweli, ila moyo wangu uko kwa Deewaar.

Humo yeye ni Vijay, kuli wa bandari ya Bombay. Wahuni wanaowatoza makuli pesa wanamsaka mjini kote, kumbe anawangoja ndani ya ghala lao, ameketi, kanyoosha miguu. Anafunga mlango kwa kufuli, anamrushia Peter, mkubwa wao, ufunguo, anamwambia autie mfukoni, naye atautoa humohumo mfukoni mwa Peter. Sauti haipandi hata kidogo! Hapo ndipo utamjua Amitabh.

Halafu ile beji yake ya ukuli, namba 786, ambayo Waislamu wengi wa Bara Hindi huihesabu kuwa ni Bismillahi. Vijay hataki kukanyaga hekaluni, lakini beji aliyoambiwa na mzee Rahim, kuli mwenzake Mwislamu, aitunze haimtoki. Wewe mtoto wa Lamu, sina haja ya kukueleza kwa nini ilituingia moyoni.

Ukimaliza, tafuta Black ya 2005, alipokuwa mwalimu wa msichana asiyeona wala kusikia. Itazame na mama.