Kidonge cha kukesha usiku wa mtihani

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwanafunzi wa sheria hapa Bukavu, na nimepanga chumba Kadutu pamoja na wenzangu wawili. Mitihani ikikaribia, mmoja wao huleta vidonge vya Ritalin anavyopata kwa jamaa yake, akisema vinafungua akili. Muhula uliopita nilimeza kimoja, nikasoma silabasi nzima hadi jogoo la kwanza bila kusinzia, lakini mbele ya karatasi ya maswali vifungu vya sheria vilichanganyika kichwani. Je, dawa hizi humwongezea kumbukumbu mtu asiye mgonjwa?
Mwanafunzi, Kadutu

JIBU: Ndugu msomaji, Ritalin huandikiwa wagonjwa wenye tatizo la kukosa umakini (ADHD). Dawa iliyomo ndani yake, yaani methilfenideti, huzuia seli za ubongo kuzirudisha ndani dopamini na noradrenalini zilizokwisha kutolewa, na kwa hiyo kemikali hizo huongezeka katika sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayotuwezesha kushika jambo akilini huku tukilifanyia kazi. Aliyepungukiwa husaidika, aliye nazo za kutosha huweza kuvushwa kiasi kinachofaa, na umakini wake ukaanza kushuka.

Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Melbourne, Australia, walichapisha jaribio la watu 40 wenye afya, wa miaka 18 hadi 35, waliopewa kwa zamu methilfenideti, dawa nyingine mbili za kuchangamsha ubongo, modafinili na deksamfetamini, na kidonge kisicho na dawa. Kazi waliyopewa ungeielewa ukimtazama mama mchuuzi anayefunga mzigo wa kupeleka Goma kwa boti: mfuko ni mmoja, kilo zina kikomo, vitu vina uzito na bei tofauti, achague vipi ili alichobeba kiwe na thamani kubwa kuliko vyote? Waliomeza dawa walikaa muda mrefu zaidi, wakaingiza na kutoa vitu mara nyingi zaidi, lakini uchaguzi wao ulikuwa hafifu, na waliokuwa juu ya wastani bila dawa walielekea kushuka chini yake walipoimeza. Bidii ilizidi, na bidii hiyo ndiyo inayomdanganya mtu kwamba anaelewa.

Kuhusu kumbukumbu yenyewe, faida iliyoonekana kwa watu wenye afya ni ndogo, tena si kila mara. Hasara yako kubwa, kwa maoni yangu, ilikuwa usingizi, kwa maana ni katika usingizi mzito ambapo ubongo huyapitia upya yaliyosomwa mchana na kuyaweka mahali pa kudumu. Wewe ulisoma silabasi yote, kisha ukaunyima ubongo saa za kuihifadhi.

Kahawa (na sisi wa Kivu hatuwezi kuikosa, kisiwa cha Idjwi kinacholima kahawa kiko mbele ya macho yetu) haina ukali huo. Kafeini huziba tu mahali ambapo adenosini, kemikali ya uchovu, ingeshika. Hata hivyo, nusu yake hubaki mwilini kwa takriban saa tano: kikombe cha saa kumi alasiri kingali nusu saa tatu usiku.

Funga silabasi saa nne usiku, ulale, uamke saa kumi alfajiri kupitia vifungu vigumu. Vidonge hupandisha mapigo ya moyo na shinikizo la damu, kwa hiyo usivimeze bila daktari. Mwenzako naye avirudishe kwa jamaa yake, kwani ikiwa aliandikiwa yeye, kila kimoja mnachomeza Kadutu ni dozi anayoikosa.