Mama mkwe hajakunyang'anya kitu

Mwanangu wa Minnesota,

Umeniandikia kwa Kiingereza, nami nakujibu kwa Kiswahili makusudi. Mumeo asikufasirie. Mpe mama mkwe akusomee, taratibu, hata pale ninapomsifu.

Wasomaji wangu, binti huyu amezaliwa Minneapolis, wazazi wake Wakenya. Shuleni aliulizwa kila mara anatoka wapi hasa. Nairobi binamu zake humwita Mmarekani. Ameolewa na kijana wa Mombasa, wana mtoto mmoja, na sasa mama mkwe amekuja kuwatembelea. Kosa la mama? Anasema na mjukuu Kiswahili mchana kutwa, hivyo mwenye nyumba anajiona mgeni kwake. Amemtaka mumewe achague: mama arudi, au yeye aondoke.

Pole, mwanangu. Kuulizwa kwenu wapi tangu utotoni kunachosha. Lakini umeandika mwenyewe, katikati ya lawama, kwamba kila asubuhi mama huyu hukuita jikoni mkande unga wa chapati pamoja, nawe hujifungia chumbani. Nani amemtenga nani hapo? Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wako amekuja na dawa, umemfungia mlango.

Hasira yako si ya mama mkwe. Ni ya wazazi wako, waliokusemesha Kiingereza kitupu wakidhani ndicho kitakachokufikisha mbali, na kuwalaumu unaona haya. Sasa mwanao anapewa bure ulichonyimwa wewe, na kinakuchoma. Unamwonea wivu mtoto wa kumzaa mwenyewe!

Kuhusu kuwa Mkenya-Mmarekani, hukuanza wewe kusutwa. Mwaka 1915 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ameshatoka kwenye urais, alisimama New York akasema Marekani haina nafasi kwa Umarekani wenye kistari, yaani wa kujiita kwa asili mbili kama hiyo yako. Waliolengwa zaidi siku zile walikuwa wenye asili ya Ujerumani na Ireland. Leo wajukuu wao hawaulizwi kitu. Wewe utaendelea kuulizwa, kwa sababu ya rangi yako, sikufichi. Lakini kisheria umezaliwa Marekani, wewe ni Mmarekani. Na Katiba ya Kenya ya 2010 inasema mtoto wa Mkenya ni Mkenya kwa kuzaliwa, hata akizaliwa ng'ambo, wala uraia wa pili haumvui ule wa kwanza. Uraia unao kote kuwili. Unachokosa ni watu, na watu hawapatikani chumbani.

Nyinyi wanandoa wa siku hizi mmezoea vitisho. Neno dogo tu, "chagua mimi au mama yako." Mwanamume akishajifunza kumfukuza mamake, wewe utamshinda nini?

Kesho ingia jikoni. Ukikosea ngeli akicheka, cheka naye. Kisha mpigie baba yako umuulize, bila kelele, kwa nini hakukufundisha, na umsikilize mpaka amalize. Na ile kauli uliyompa mumeo, ifute leo hii kabla hajalala.