Naomba hadi nimechoka, na kijana ndo kwanza anabeti

SWALI: Bwana asifiwe mchungaji. Mimi ni mama wa watoto watatu, nipo Morogoro. Kijana wangu wa kwanza aliacha chuo mwaka wa pili sababu ya kubeti, ada yote aliwekea mikeka. Huu mwaka wa tano naamka saa tisa usiku namuombea, nimefunga, nimekesha, yaani mimi nipo kwenye mkeka wangu nimepiga magoti na yeye chumbani anasubiri mkeka wake utiki. Kwenye maombi dada mmoja kaniambia imani yangu ndogo ndo maana sijibiwi, nitoe sadaka ya mbegu. Wiki ya pili sasa nikiamka nakaa tu, maneno hayatoki. Niendelee au nimwache?

JIBU: Amina mama, pole sana. Huyo dada mwambie asante halafu hela yako nunulia unga. Paulo aliomba mara tatu mwiba wake uondoke, akaambiwa "Neema yangu yakutosha", mwiba ukabaki, na sijasikia mtu akisema Paulo imani yake ilikuwa ndogo.

Hilo la maneno kutotoka wala halinitishi. Soma Luka 18, yule mjane mwenye kesi kwa kadhi asiyemcha Mungu. Biblia yetu inasema alikuwa "akimwendea-endea", nalipenda sana hilo neno, unamuona kabisa mama wa watu leo yupo mlangoni, kesho yupo, keshokutwa huyoo, na ombi lake lote ni maneno matano tu: "Nipatie haki na adui wangu". Haongezi hata moja. Na kadhi hakuguswa, alichoka kusumbuliwa, sasa Yesu anauliza kama huyo dhalimu alitoa haki je Mungu? Kwa hiyo wewe saa tisa ukiamka sema "Bwana, mwanangu", urudi kulala, umeshaomba.

Halafu kuna Monika, mama yake Augustino, yule kijana aliyepotea halafu akaja kuwa askofu mkubwa wa Kanisa (najua sisi wengine tukisikia watakatifu tunaruka kurasa, huyu msome tu). Mwaka 383 kijana anataka kwenda Roma, mama hataki kabisa, anajua huko ndo anapotea jumla. Kijana akamdanganya kwamba anamsindikiza rafiki yake anayesubiri upepo, mama akaingia mahali pa ibada karibu na bandari ya Kartago, huko Afrika Kaskazini, akasali usiku kucha asisafiri, asubuhi anatoka, meli haipo! Hebu fikiria huyo mama pale ufukweni. Aliombea kitu kimoja tu na hicho hicho amenyimwa. Ila kutoka Roma kijana akafika Milano, akakutana na Askofu Ambrosi, 386 akamgeukia Mungu, Pasaka ya 387 akabatizwa, na mama yake alishamfuata huko. Safari aliyoililia isiwepo ndo iliyomfikisha.

Kabla ya hapo Monika alishamng'ang'ania askofu mmoja aongee na mwanae, askofu akakataa, akamwambia mwache kwanza, muombee tu. Mama akazidi kulia mpaka askofu akakereka, akamwambia nenda zako, haiwezekani mwana wa machozi haya apotee.

Kwa hiyo swali lako nalijibu hivi, kumuombea usiache, kumfuatafuata acha. Usimhubirie mezani, mpe chakula ale. Ila madeni yake ya kubeti usimlipie hata mia, hapo nakuwa mkali, maana unapiga magoti usiku halafu mchana unamwekea hela ya mkeka mwingine. Na mtafutie mtu wa ushauri nasaha anayeelewa mambo ya kamari, hilo halipunguzi imani yako.

Mimi saa tisa huwa siamki, nisikudanganye, ila saa kumi na moja nipo macho, namuweka kwenye orodha yangu. Nitumie jina lake la kwanza tu, la ukoo baki nalo, maana hili gazeti linasomwa hadi kwenye vibanda vya kubeti.