Toazi moja la Istanbul kabla ya seti nzima

Kijana anayepiga dramu hapa Lubumbashi akishaweka akiba ya dola mia mbili au tatu, wazo la kwanza linalomjia ni seti nzima ya matoazi mapya: sharle (mawili yanayokutanishwa kwa kanyagio la mguu), krashi (la kulipua) na raidi (kubwa, la kushikilia mdundo), yote ndani ya boksi moja, yanang'aa. Ushauri wangu ni huu: liache boksi hilo dukani. Tafuta toazi moja tu, raidi ya inchi 20 au 22 iliyogongwa kwa nyundo ya mkono Uturuki, hata kama ni ya mtumba. Mengine endelea kupiga yaliyopo kanisani au kwenye bendi. Nimepiga na kwaya za Katuba, nimepiga na bendi za rumba Kamalondo, zote za hapa mjini, na hakuna kifaa kilichobadilisha upigaji wangu kuliko toazi la namna hiyo.

Tofauti inaanzia kwenye madini, na sisi watu wa Katanga tunapaswa kuielewa kuliko wengine. Matoazi ya kwenye boksi la bei rahisi ni ya brasi, yaani shaba iliyochanganywa na zinki. Ukiyapiga yanalia kama sufuria iliyoanguka: mlio mmoja wa juu, mfupi, kisha basi. Juu yake kuna matoazi ya bronzi nyepesi, shaba asilimia 92 na bati asilimia 8, yanayokatwa kutoka kwenye bamba lililokwisha kutandazwa. Hayo si mabaya, na nitayarudia. Toazi la Kituruki ni bronzi nzito: shaba asilimia 80, bati asilimia 20, na chembe za fedha. Shaba ndiyo iliyouzaa mji wetu. Union Minière, kampuni ya madini ya Wabelgiji, waliyeyusha shaba yao ya kwanza hapa mwaka 1911, na bomba la moshi la kiwanda bado tunaliona kila siku pamoja na mlima wake mweusi wa takataka za madini. Zamani kabla yao, wazee wetu waliyeyusha shaba na kuimimina kuwa misalaba iliyotumika kama fedha. Bati nalo linachimbwa nchini humu, Manono na Walikale. Metali zote mbili tunazo chini ya miguu yetu. Kilicho Istanbul ni ujuzi wa kuziunganisha na kuzigonga, na ujuzi huo una karne nne.

Fundi wa chuma akisikia namna bronzi hiyo inavyotengenezwa hushangaa. Chuma ukikichoma kikawa chekundu na kukitumbukiza majini, kinakuwa kigumu. Bronzi yenye bati jingi hufanya kinyume. Ikipoa polepole inabaki ngumu na dhaifu, ukiigonga inapasuka. Ikitolewa kwenye tanuri na kutumbukizwa ghafla kwenye maji ya chumvi, inalainika na kukubali nyundo. Kabla ya hapo kitonge cha bronzi kimeshaingizwa tanurini na kupitishwa kwenye roli mara nyingi, kila mara kwa upande tofauti, hadi kimekuwa bamba jembamba. Kikombe cha katikati kinakandamizwa kwa mashine, ukingo unakatwa uwe duara, halafu mtu anakaa mbele ya fuawe na kuanza kugonga. Anagonga kwa maelfu ya mapigo, akilizungusha toazi kwa mkono wa pili. Mwisho linakerezwa: chuma chenye makali kinakwangua uso linapozunguka, na ile mistari myembamba unayoipapasa kwa kidole inabaki hapo. Baadhi ya mafundi huliacha sehemu bila kulikereza, likabaki na rangi yake ya tanuri, na hilo hulia kavu zaidi.

Mapigo hayo ya mkono hayalingani, na ndiyo sababu ya bei. Pigo moja limezama, la jirani limegusa tu. Kila sehemu ya toazi imekazwa kivyake, kwa hiyo ukilipiga sauti nyingi zinaamka pamoja na hakuna moja inayozitawala nyingine. Mashine ikigonga kwa umbali sawa na nguvu sawa, sauti inakuwa safi na ya wazi, na toazi la leo litafanana na la mwakani. Wapo wanaotaka hivyo, nami siwapingi. Ila mimi nataka toazi ambalo halina pacha.

Jumamosi mchana tunakutana wapiga dramu wachache, kila mmoja na toazi lake begani, tunayapitisha mkono kwa mkono kwenye stendi moja. Kijana mmoja alilipapasa langu kwa chini, akasimama.

"Yaya, hili lilianguka?"

"Hapana, mdogo wangu. Hayo ni mapigo ya nyundo."

Akakaa, akalipiga, hakutaka kuinuka. Tulimwacha apige hadi jioni. Raidi hiyo ni ya inchi 22, nyembamba. Ncha ya kijiti ikigusa mgongo wake, yaani sehemu iliyo kati ya kikombe na ukingo, unasikia kwanza "ti" kavu ya mti, kisha chini yake mvumo mzito unaotandaa polepole bila kuifunika ile "ti". Sogea kuelekea ukingoni, mvumo unaongezeka. Rudi karibu na kikombe, unakauka. Ukiupiga ukingo kwa bega la kijiti, pale chini kidogo ya ncha, linalipuka, na kabla mwimbaji hajaanza mstari unaofuata limeshanyamaza. Ndiyo maana nasema toazi moja linatosha kuanza: raidi nyembamba ya namna hii inafanya kazi ya krashi pia, wakati raidi nzito ya brasi haiwezi hata kazi yake yenyewe.

Majina yanayopigwa muhuri kwenye matoazi haya yana ukoo mmoja. Avedis Zildjian, Muarmenia aliyeishi Istanbul, alianzisha karakana yake mwaka 1623, enzi ambazo bendi za jeshi la masultani zilikwenda vitani na matoazi. Mwaka 1929 tawi moja la ukoo lilianza kutengeneza Marekani, jimbo la Massachusetts, na ndiko kampuni ya Zildjian iliko hadi leo. Lakini Istanbul tanuri liliendelea kuwaka, likitoa yale matoazi yenye herufi K ambayo wapiga jazi wa Marekani waliyatafuta kwa udi na uvumba. Raidi ya Tony Williams, mpiga dramu mashuhuri wa jazi, ilikuwa mojawapo. Karakana hiyo ilifungwa mwishoni mwa miaka ya 1970. Mehmet Tamdeğer na Agop Tomurcuk, waliojifunza kazi humo tangu utotoni, wakaanzisha yao mwanzoni mwa miaka ya 1980 na kuiita Istanbul. Agop alifariki mwaka 1996, na kampuni ikagawanyika kuwa Istanbul Agop na Istanbul Mehmet. Mwaka huohuo mafundi wengine wakaanzisha Bosphorus. Kwa hiyo ukiliona jina lolote kati ya hayo matatu, mkono ulioligonga umetoka kwenye shule ileile. Wapo na wengine wazuri, Masterwork na Diril kwa mfano, na Wajerumani wa Meinl wanatengenezea matoazi yao ya Byzance hukohuko Uturuki. Usinaswe na jina moja. Weka sikio mbele ya muhuri.

Sasa utalipata wapi? Hapa mjini hutalikuta dukani kwa urahisi. Njia iliyonifaa ni mama wafanyabiashara wanaokwenda Istanbul kuleta nguo na viatu. Karibu na mnara wa Galata kuna mtaa unaoitwa Galip Dede, maduka ya ala za muziki yamepangana pande zote mbili. Mwombe mama unayemwamini apite hapo, kwa heshima, na umlipie usumbufu wake. Hiyo si kazi yake. Msimtwishe mzigo wa kuchagua. Akifika dukani akupigie kwa WhatsApp, au amwombe muuzaji apige huku yeye anarekodi: kwanza mgongo kwa ncha ya kijiti, taratibu, kisha kikombe, kisha ukingo pigo moja na kuliacha hadi linyamaze lenyewe. Simu itakuficha sauti za chini, lakini urefu wa mvumo na kama "ti" inasikika, hayo utayapata. Sikiliza kwa spika za masikioni, si kwa spika ya simu. Toazi jipya la aina hii mara nyingi linazidi dola 300, kwa hiyo uliza pia lililotumika.

Mwambie asome uzito. Mafundi wa Istanbul mara nyingi huandika gramu kwa kalamu ya wino upande wa chini, karibu na kikombe. Kwa inchi 20, gramu 1700 hivi ni jembamba, na likipita 2300 ni zito. Toazi jembamba hufunguka hata ukipiga kwa upole, na kwa mtu anayepiga ndani ya kanisa lenye bati juu na kuta za saruji, upole ndio wokovu wa waimbaji. Kwenye kampeni ya injili uwanjani, spika zikinguruma, toazi hilo litamezwa. Hapo ndipo ile bronzi ya asilimia 8 niliyoitaja inapofaa, kwa sababu mlio wake mkali unapenya. Raidi yangu siipeleki uwanjani.

Na kama kazi yako kubwa ni sebene, ile sehemu ya rumba ya magitaa na kucheza, nabadilisha ushauri. Kwenye sebene mkono wa kulia unaishi kwenye sharle, raidi inaguswa kidogo tu. Anza na sharle ya Kituruki ya inchi 14, la juu jembamba na la chini zito kidogo, ili ukikanyaga "chik" isikike hata gitaa tatu zikiwaka. Raidi itafuata.

Ukilinunua mtumba hapa mjini au mpakani Kasumbalesa, usilipe kabla hujalishika. Litundike kwenye kidole kimoja kwa tundu la katikati, uligonge kwa kifundo cha kidole kuzunguka ukingo wote. Ukisikia mkwaruzo au mtetemo mchafu, kuna ufa. Pitisha ukucha ukingoni polepole pande zote mbili. Ukucha unashika ufa ambao jicho halioni. Angalia tundu: likiwa limelika na kuwa refu badala ya duara, mwenyewe alilikaza kwa chuma bila mpira. Tazama pia mistari ya kukereza, maana nyufa nyingine hufuata mstari na kujificha ndani yake. Kuhusu bandia, geuza upande wa chini. Mapigo ya mkono yanaonekana na huko pia, ya kina tofauti, na muhuri wa kweli umezama kwenye metali pamoja na wino wa juu. Muuzaji mmoja aliwahi kunionyesha toazi "la Istanbul" ambalo jina lake lilifutika kwa kidole chenye jasho, na alama za nyundo zilikuwa zimepangwa kwa nafasi sawasawa. Nilimrudishia.

Ukishalipata, nati ya juu usiikaze. Toazi linatakiwa kuyumba. Likibanwa haliimbi, na nguvu ya pigo inaishia kwenye metali badala ya kutoka. Mpira kwenye fimbo ya stendi, pedi ya sufi chini na juu. Pigo la ukingo lipite kwa mshazari, mkono ukifagia pembeni, si kushuka wima kama anayepasua kuni. Bronzi hii haipindi, inapasuka, kwa hiyo anayependa kupiga kwa hasira atalimaliza mapema.

Wengine huniuliza kuhusu kulisafisha kwa ndimu na majivu, jinsi mama zetu wanavyosafisha vyombo vya shaba. Usifanye hivyo. Ndimu itang'arisha, kweli, lakini inaondoa ile rangi ya uzee inayolainisha sauti mwaka hadi mwaka, na majivu yanasaga mistari. Kitambaa kikavu baada ya kila kazi kinatosha kuondoa jasho la vidole. Msimu wa kiangazi, vumbi letu jekundu likijaa kwenye mistari, maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, usugue kwa kufuata mduara, ulikaushe mara moja. Na lisisafiri nyuma ya pikipiki bila mfuko mnene. Ukingo wake ukigonga lami mara moja tu, ufa umezaliwa.

Ufa ukitokea, usilitupe, na usimpeleke fundi wa kuchomelea. Moto utaharibu ulaini ambao maji ya chumvi yaliipa bronzi. Tafuta mwisho kabisa wa ufa kwa ukucha, uweke alama ya kalamu mbele yake kidogo, umpe fundi mwenye mashine ya kutoboa atoboe tundu dogo hapo, polepole, na mbao chini yake. Tundu hilo linauzuia ufa usiendelee. Ufa ukiwa umefika mbali, kata kipande chenye ufa kwa mkunjo mpana usio na kona, upige msasa laini ukingoni. Sauti itapungua kidogo, lakini bado litaishinda boksi nzima la brasi.