Funga laini kabla simu haijanyakuliwa

Watu wa Kisumu wanajua kujichunga barabarani. Ukishuka Kondele jioni utaona mikoba imevutwa mbele, simu zimezamishwa ndani ya blauzi, na anayetaka kupiga simu anaingia dukani kwanza. Tusiache kufanya hivyo. Lakini simu ikishachomolewa mkononi na pikipiki ikayoyoma, hasara kubwa mara nyingi huja kupitia laini.

Jirani yangu anauza omena Kibuye. Alinyakuliwa simu jioni akiwa amekaa nyuma ya bodaboda, anasoma ujumbe. Kwa kuwa simu ilifunguka kwa alama ya kidole chake tu, alijipa moyo kwamba hawataifanyia kitu. Kumbe walichomoa laini, wakaitia kwenye simu nyingine, na namba za wateja zote alikuwa amezihifadhi kwenye hiyo laini. Usiku huohuo wateja wakaanza kupokea ujumbe: "Niko hospitali, nisaidie na elfu mbili, tuma kwa hii namba." Mmoja alishtuka kwa sababu aliuliza kwa Dholuo akajibiwa Kiswahili. Wengine walikuwa wameshatuma. Mama wa watu aliwalipa kwa omena, mkebe kwa mkebe, ili asipoteze jina lake sokoni.

Ndiyo maana nakusihi ufunge laini yenyewe. Katika mipangilio ya simu, upande wa usalama, kuna mahali pa kuiwekea namba ya siri. Ukishaiweka, laini ikihamishiwa simu nyingine itadai namba hiyo, na ikikosewa mara tatu itadai PUK, yaani namba ndefu ya kufungulia laini iliyojifunga. Usibahatishe unapoiweka mara ya kwanza, maana hizo mara tatu zinakuhesabia na wewe pia. Uliza kampuni yako namba ya kuanzia. Ile kadi laini ilikotoka, yenye PUK, ikae nyumbani.

Jambo jingine linaniuma kila nikiliona kwenye matatu: kitambulisho kimechomekwa ndani ya kava ya simu. Kubadilisha namba ya siri ya M-Pesa, unaulizwa namba ya kitambulisho. Sasa mwizi akipata laini na kitambulisho kwa mkupuo mmoja, umembakishia nini? Na kama namba yako ya siri ni mwaka wa kuzaliwa, huo nao umeandikwa hapohapo. Badilisha leo.

Kwa wenye laini ya Safaricom, piga *100*100# ili laini yako isibadilishwe na wakala yeyote bila wewe kujua. Halafu piga *#06#, unakili IMEI, yaani namba inayoitambulisha simu yako, kwenye daftari. Polisi wataiuliza.

Yakikukuta, usimkimbize mtu wa pikipiki. Omba simu ya mtu wa karibu, hata mwenye kibanda, upigie kampuni wafunge laini, kisha mpigie mtu mmoja wa nyumbani awatangazie wengine wasitume chochote. Kituo cha polisi kifuate baada ya hapo. Hakikisha umeandikiwa kwenye OB, kile kitabu cha matukio cha kituoni, na umepewa namba yake. Kitambulisho kikiwa kimeenda na simu, utahitaji abstrakti ya polisi kupata kingine.