Huzuni Isiyo na Sababu: Je, ni Dalili ya Imani Dhaifu?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Mimi ni msichana wa miaka 22, naishi na mama mdogo hapa Ujiji. Nilimaliza chuo mwaka jana na sasa namsaidia biashara ya dagaa. Sijafiwa, sidaiwi, sina ugomvi na mtu. Lakini tangu Idd el-Fitr kila nikiamka moyo ni mzito, nalia nikiwa nageuza dagaa juani bila kujua nalilia nini, na swala naiswali ila siioni ladha yake. Ustadhi mmoja wa mtaani amesema imani yangu ni dhaifu au nina jini, na ametaka shilingi 150,000 na mbuzi mweusi. Je, huzuni hii ni dhambi? Na nikienda hospitali nitakuwa nimepungukiwa na tawakkul, yaani kumtegemea Mwenyezi Mungu?

JIBU: Wa alaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh, binti yangu. Huzuni uliyoieleza si dhambi, si ushahidi kwamba imani yako imekufa, na kwenda hospitali hakupunguzi tawakkul hata chembe. Ningeweza kuishia hapo, lakini maneno uliyoambiwa nayasikia mara kwa mara kutoka kwa vijana wa Ujiji na Mwanga, na kwa wengine yanauma kuliko maradhi yenyewe, kwa hiyo sina budi kuyajibu.

Wanaodai kuwa muumini wa kweli hapatwi na huzuni hutegemea aya ya 124 ya Sura Twaha, kwamba atakayejiepusha na ukumbusho wa Mwenyezi Mungu atapata maisha ya dhiki. Aya ni haki, ila wao wameisoma kinyumenyume. Mwenyezi Mungu amesema anayejiepusha atapata dhiki. Hakusema kila mwenye dhiki amejiepusha. Anayenyeshewa mvua hulowa, lakini si kila aliyelowa pale mwalo wa Kibirizi amenyeshewa, kwani wengi wametoka ziwani. Na kama kanuni yao ingekuwa sahihi, ingewalazimu kuwahukumu Mitume kwanza. Nabii Yaaqub, amani iwe juu yake, alihuzunika mpaka macho yake yakawa meupe, na wanawe walipomlaumu hakuomba msamaha kwa huzuni yake, bali alisema kuwa sikitiko lake anamshitakia Mwenyezi Mungu. Bibi Maryam alipozidiwa na uchungu chini ya mtende alisema laiti angekuwa amekufa kabla ya hayo. Tazama alijibiwaje: hakukemewa wala hakuambiwa kuwa imani yake ni pungufu, aliambiwa asihuzunike, akaonyeshwa kijito cha maji chini yake, na akaamrishwa autikise mtende ale tende mbivu. Na Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, aliambiwa na Mola wake katika Sura Al-Hijr kwamba inajulikana jinsi kifua chake kinavyoona dhiki kwa wanayoyasema. Nani basi anathubutu kumwambia binti anayeswali swala zake tano kuwa dhiki ya kifua ni alama ya moyo uliomkimbia Mola wake?

Najua utaniambia kuwa hao wote walikuwa na sababu, na wewe huna. Swali hilo si geni kwa wanavyuoni wa Kiislamu. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika juu ya afya ya mwili na ya nafsi kwa pamoja, akaigawa huzuni mafungu mawili: ile ambayo mwenyewe anaijua sababu yake, kama kufiwa au kupoteza mali, na ile inayomjia mtu asijue imetokea wapi. Hii ya pili aliirejesha kwenye mwili, katika hali ya damu, na akaelekeza itibiwe kwa tiba ya mwili. Maelezo yake kuhusu damu ni ya zama zake, na madaktari wa leo hawaelezi hivyo, lakini zaidi ya miaka elfu moja iliyopita alikwisha kutambua kuwa mtu anaweza kuhuzunika bila msiba. Inasikitisha kwamba leo kuna wanaovaa kilemba na kuzungumza kana kwamba jambo hilo halijawahi kufikiriwa. Tena hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim inasema kuwa hapatwi Muislamu na uchovu, maradhi, wasiwasi, huzuni, udhia wala dhiki, hata mwiba unaomchoma, ila Mwenyezi Mungu humfutia kwayo baadhi ya makosa yake. Hapakuwekwa sharti kwamba sababu yake ijulikane.

Kuhusu jini, hatukanushi kuwapo kwao. Ninachokikataa ni mtu kutoa hukumu ya jini kwa kuangalia machozi tu, kisha akataja bei. Baadhi yao hujitetea kwa kisa cha Masahaba waliomsomea Fatiha mtu aliyeumwa na mdudu mwenye sumu, wakapewa kondoo. Lakini wale waliafikiana malipo kwa jambo lililokuwa wazi kwa kila mtu, na mgonjwa aliinuka akatembea. Hawakumtisha msichana aliye peke yake na huzuni yake. Ama mbuzi mweusi, muulize anachinjwa kwa ajili ya nani. Mtume amesema Mwenyezi Mungu amemlaani anayechinja kwa asiyekuwa Yeye, na kuchinja ili kumridhisha jini ni shirki. Usitoe hata shilingi moja. Ruqya, yaani kisomo cha kuomba kinga na shifaa, jisomee mwenyewe: ukilala kusanya viganja, soma Qul huwallahu ahad na Qul audhu mbili, vipulizie na ujipanguse mwili mara tatu, kama alivyokuwa akifanya Mtume mwenyewe kwa mapokezi ya Bibi Aisha.

Hospitali nenda, na uende wiki hii. Mtume aliwaambia Mabedui waliomuuliza, "Jitibuni, enyi waja wa Mwenyezi Mungu," na kwa madhehebu yetu ya Shafi kujitibu ni sunna. Ukifika hospitali ya Maweni usimwambie daktari kuwa kichwa kinauma tu, kama wengi wanavyofanya kwa kuona haya. Mweleze usingizi wako ukoje, unakulaje, hali hii imeanza lini, na kwamba unalia bila sababu, kwa maana upungufu wa damu na matatizo ya tezi ya shingo huweza kuleta hali kama hiyo, na hupimwa. Akiona ni sonona, yaani maradhi ya huzuni ya muda mrefu, huenda akakupa ushauri nasaha au dawa, nazo dawa hizo huchukua wiki kadhaa kabla ya kuleta nafuu, kwa hiyo usiziache kwa papara wala usizikatishe bila kumuuliza.

Swala za faradhi endelea nazo, na ukishindwa kusimama, swali umekaa. Wanazuoni wamezitaja sharti na nguzo za swala, na ladha haimo. Sunna unazoshindwa kwa sasa usijilaumu nazo, kwani Mtume amesema mja akiugua huandikiwa mfano wa aliyokuwa akiyafanya alipokuwa mzima. Dua yako iwe ile aliyoikithirisha yeye: Allahumma inni audhu bika minal hammi wal hazan.

Ukijiwa na fikra ya kuyakatisha maisha yako, usiifiche wala usingoje asubuhi. Mwamshe mama yako mdogo usiku huohuo na mwende hospitali. Hata ukiona haya kumwambia habari nyingine, hiyo mwambie. Naye ninamwomba, akisomewa jibu hili, asimwambie binti huyu ajikaze. Ampunguzie kazi ya juani kwa muda, ahakikishe anakula, na afuatane naye kwa daktari, kwani mgonjwa wa namna hii mara nyingi hufika mlangoni akageuza.

Wallahu aalam.