Bosi anataka tuhame mfumo wote siku moja, nifanyeje?

SWALI: Habari za kazi kaka. Mimi ni mhasibu kwenye kampuni ya vifaa vya ujenzi, tuna duka kubwa Dar na matawi Morogoro na Dodoma. Miaka yote tunatumia Excel na madaftari ya stoo. Sasa bosi kanunua mfumo mpya wa mauzo, stoo, mishahara na hesabu zote, anataka tarehe 1 Januari matawi yote yawashe pamoja na ya zamani yafungwe siku hiyo hiyo. Muuzaji anasema inawezekana kabisa. Silali kaka. Na stokipa wetu wa Morogoro, mzee wa siku nyingi, kashasema kompyuta haitaki. Nimshauri vipi bosi?

JIBU: Dada yangu pole, na usijione mwoga. Kuwasha kote siku moja kunawezekana kweli, na muuzaji anapenda hivyo maana anamaliza haraka analipwa anaondoka, ila mkikwama mnakwama wote kwa mpigo. Hershey wale wa chokoleti Marekani ndo walichofanya mwaka 1999, mradi uliopangiwa miezi 48 wakaubana uwe 30, wakawasha Julai wakati msimu wao mkubwa wa pipi unakaribia, oda za kama dola milioni 100 zikashindwa kuwafikia wateja na mzigo ulikuwepo.

Mwambie bosi aanze na Morogoro peke yake, mauzo na stoo tu, mishahara isubiri kwanza. Wakikosea huko, Dar inaendelea kuuza.

Ila kabla hata ya Morogoro kuna kazi ambayo ndo inaua mifumo mingi, orodha ya bidhaa. Fungua Excel yenu leo utafute nondo ya milimita 12, usishangae ukikuta "nondo 12", "nondo 12mm" na "nondo mm12 ndefu" na zote ni nondo ile ile! Mkiingiza hivyo mfumo utasema moja imeisha na nyingine imezidi, mtaanza kumshuku stokipa bure. Halafu vipimo. Misumari mnanunua kwa katoni mnauza kwa kilo, waya mnanunua kwa rola mnauza kwa mita, hilo lisipowekwa mapema mtu atauza kilo 1 na mfumo utapunguza katoni nzima. Nishakesha na watu kwenye duka moja tunatafuta misumari "iliyoibiwa", kumbe iko pale pale kwenye rafu, tatizo lilikuwa kipimo tu na kijana wa watu kashalizwa mchana kutwa.

Daftari la zamani liendelee pembeni lakini wiki nne zinatosha, zikizidi watu wanachoka kuandika mara mbili wanaanza kunakili huku kwenda kule na hapo hamna mnachopima tena. Na hili tafadhali sana, risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, itoke upande mmoja tu, mkitoa kwenye mfumo wa zamani na mpya TRA (mamlaka ya mapato) wataona mauzo mara mbili na mtadaiwa VAT ya asilimia 18 kwa hela ambayo hamkuipata. Dodoma wafuate, Dar mwisho, kila tawi lihame tarehe 1 ya mwezi mkiwa mmeshahesabu stoo usiku wa kuamkia siku hiyo, msingoje ikaribie tarehe 20 mnapohangaika na ritani za VAT.

Huyo mzee usimpeleke semina ya hotelini. Mpe orodha ya bidhaa aisafishe kwa kalamu maana yeye ndo anajua nondo ipi ni ipi, kijana akae pembeni achape. Mfumo ukiwaka atakuta kwenye skrini majina aliyoyapanga mwenyewe, basi muanze kumfundisha hapo hapo kaunta, nusu saa kila asubuhi kabla wateja hawajajaa.